Waniita Meneja wa Meli, na meli haijatia nanga

Asalaam aleikum Ami,

Nakuandikia saa tatu usiku na taa ya ukumbini nimeizima makusudi. Wenzangu wako barazani hapo nje, nasikia vikombe vya kahawa vikigongana, na sitaki wajue kuwa nimo ndani.

Mimi ni fundi wa simu, miaka 29, nina mke na mtoto mmoja, twakaa Majengo. Gemu za zamani nazipenda tangu nikitoroka chuo kwenda kuzicheza. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, nilijifunza mwenyewe kwenye laptop kuukuu niliyoletewa kutengeneza na mwenyewe asirudi tena. Kwa hivyo Mei 2022 nilipokiona hiki kidude, usingizi ulinipaa.

Ni kompyuta ndogo ya kushika mkononi, inatengenezwa na watu wanne katika karakana yao ng'ambo. Ukiifunga ni kama kasha la miwani. Ukiifungua, juu kuna skrini, chini kibodi yenye vitufe vidogo kama punje za choroko, na kando ya kibodi vijiti vya kuchezea gemu. Ndani ina Linux kamili, si ile ya kubanwabanwa. Waweza kuandika programu ukiwa kwenye feri ya Likoni, na ukichoka ukacheza. Walisema watatengeneza chache tu, mwenye kutaka atoe nusu ya bei akae kwenye foleni. Bei dola 420, na usafiri dola 45.

Niliwaonyesha wenzangu. Watatu wakavutika: dereva wa tuktuk, mwalimu wa chuo, na mtoto wa khalati yangu. Nikawaambia kwa kinywa changu, "Elfu sitini, kila kitu ndani. Nipeni nusu." Kila mmoja akanitumia elfu 30 kwa M-Pesa. Siku hizo dola ilikuwa kama shilingi 116, kwa hivyo arbuni ya dola 210 ilinitoka shilingi 24,360 kwa kila kidude, chao watatu na changu cha nne. Zilizobaki, 5,640 kwa kila mtu, sikuwaambia. Niliona ni haki ya jasho langu. Nilinunulia vioo vya simu, vikauzika, zikaisha.

Ahadi ilikuwa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Wakaandika kuwa makasha ya plastiki yametoka na matundu ya skrubu yaliyopinda, wameyarudisha. Kisha wakaandika kuwa skrini waliyoitegemea haitengenezwi tena, wametafuta nyingine, na bodi, kile kibao cha saketi cha ndani, imebidi ichorwe upya. Januari 2024 wakaja na jipya: bei sasa dola 480, tumalizie 270 na usafiri wetu. Dola siku hizo ilikuwa imegonga 160. Nilipiga hesabu, nikazima simu, nikalala.

Sasa dola imerudi kwenye 129 na wameandika tena. Kundi la kwanza la bodi limekwisha kuunganishwa, mwenye kumalizia sasa atapelekewa, asiyemalizia atangoja kundi la pili. Nami sina uso wa kuwaambia wenzangu waongeze. Nikipita barazani mmoja huuliza, "Meneja wa Meli, ile meli yako ishatia nanga?" wote wakacheka. Mtoto wa khalati hacheki. Yuwaenda Doha kazini miezi miwili ijayo na ataka pesa zake. Dereva wa tuktuk naye ameona vidude vya Kichina mjini vya bei nafuu kabisa, vinacheza gemu zile zile, aniambia nimewauzia upepo.

Na mke wangu alikuwa ameweka pesa za friza, auze barafu za ukwaju na juisi. Arbuni yangu mimi ilitoka humo. Amejua juzi.

Ami, je, nimetapeliwa? Nimalizie au nidai pesa zetu? Na wenzangu niwaambie bei gani?

Ni mimi,
Meneja wa Meli, Majengo

*

Waaleikum salaam, Meneja.

Kwanza washa taa. Barazani watu huujua mlango wa jirani kuliko mlango wa kwao, na kila anayepita hapo anajua umo ndani.

Umetapeliwa? Mimi kwa barua yako sioni. Tapeli hana habari mbaya. Tapeli kila wiki mzigo wake uko njiani, umefika Dubai, umekwama kidogo tu, tuma elfu mbili utoke. Hawa wako wamekuandikia matundu ya skrubu yamepinda. Hakuna mwizi anayekaa akabuni tundu la skrubu. Hata hivyo usitume hata senti kabla ya kuwauliza mambo machache kwa maandishi: bodi ngapi zimeunganishwa, oda zako nne ziko wapi katika foleni, bei ya 480 imefungwa au itapanda tena, na mtu akijitoa anarudishiwa arbuni yake yote au nusu. Wakijibu kwa hesabu, endelea. Wakijibu kwa maneno matamu, simama.

Kuchelewa peke yake si ushahidi wa wizi kwa vitu vya namna hii. Kulikuwa na kidude kiitwacho Pandora, babu wa hicho chako kabisa: kinafungwa na kufunguliwa, kibodi chini, skrini ya kugusa ya inchi 4.3 juu, vijiti viwili, matundu mawili ya kadi za SD, ndani Linux. Kilibuniwa na wapenzi wa gemu, si kampuni kubwa. Oda zilifunguliwa mwisho wa Septemba 2008, dola 330, kundi la kwanza vipande 4,000. Watu walilipa bei nzima, wakangoja. Vya kwanza vilianza kutoka Mei 2010. Hebu fikiri: kilichelewa hadi iPad ikakitangulia sokoni, na aliyekilipia mapema alikuwa bado akifungua barua pepe za kuomba radhi. Mrithi wake, Pyra, oda zake zilifunguliwa 2016 na vipande vya kwanza vikawafikia watu mwishoni mwa 2020. Si wizi. Wachache wanatengeneza kitu kigumu, na kila kinachoharibika kinawasimamisha wote.

Hata mwenye pesa huchelewa. Valve, kampuni kubwa ya gemu, waliitangaza Steam Deck, kidude chao cha mkononi, Julai 2021, dola 399 ile ya chini, na ukishika nafasi kwa dola 5 tu. Waliahidi Desemba. Chipu zikawa adimu dunia nzima, wakasogeza hadi mwisho wa Februari 2022. Lakini tazama tofauti: wao walishika dola 5 za mtu. Wewe umeshika elfu 30 za mtu, tena wa mtaani kwako, anayekuona ukienda kununua mahamri.

Kungoja kuna ubaya mwingine ambao wenye furaha ya oda hawauoni. Kidude kinazeeka kikiwa tumboni. Chipu iliyochaguliwa siku ya kwanza ndiyo itakayotoka siku ya mwisho, kwa kuwa bodi yote imechorwa kuizunguka. Pyra iliwekewa chipu ya OMAP5 ya Texas Instruments, na kampuni hiyo ilikuwa imetangaza tangu 2012 kwamba inajitoa kwenye chipu za simu. Wabunifu walilijua hilo, ndiyo maana ubongo wa Pyra uko kwenye bodi yake yenyewe ndogo inayoweza kubanduliwa na kuwekwa nyingine. Chako je? Waulize. Kama chipu ni ya 2021 na haibanduki, basi unanunua kitu cha 2021 kwa bei ya leo. Hakikatazwi kununuliwa. Mimi nina redio ya valvu nyumbani na siiuzi. Lakini mwenye kununua ajue.

Sasa dereva wa tuktuk. Hajasema uongo. Hivyo vidude vya Kichina, vya Anbernic na wenzao, vipo kwa kama dola 60, vingi vinaendeshwa na Linux hiyo hiyo kwa ndani, na gemu za utotoni mwenu vinazicheza bila kutoa jasho. Kama ataka gemu tu, mwache achukue hicho. Tena mimi ningemsindikiza dukani. Lakini asiseme ni kitu kile kile. Hakina kibodi, na hutaandikia programu juu yake labda uwe na subira ya kinyonga.

Bei imetoka wapi? Miaka fulani baharia mmoja aliniletea kidude cha jamii hiyo, skrini imekufa. Sitataja cha nani. Nilikifungua mezani kwangu Bondeni, skrubu sita, mbili zimejificha chini ya raba. Ndani ya bawaba unapita utepe wa waya mwembamba kama karatasi ya sigara, umekunjwa mara mbili ili uzunguke kifuniko kikifunguliwa. Ulikuwa umekatika pale pale kwenye mkunjo. Nilikaa nao jioni tatu, kioo cha kukuzia jichoni, nikiunga njia moja moja kwa waya wa nywele. Jioni ya pili nikaona kitu kilichonifanya niweke koleo chini: pembeni ya bodi kulikuwa na waya mmoja mwekundu uliounganishwa kwa mkono, na si fundi wa mtaani aliyeuweka. Ulitoka nao huko huko karakanani. Mtu alikosea njia moja kwenye mchoro, bodi zilikuwa zimeshachapwa, hakuwa na pesa za kuzitupa, akakaa akaziunga moja moja.

Huo waya ndio bei, Meneja. Kiwanda kikubwa kingetupa bodi zote na kuchapa nyingine, na wewe usingejua.

Halafu kuna kalibu. Kasha la plastiki linamiminwa kwenye kalibu ya chuma, na kalibu hailipwi kwa idadi ya makasha. Kutengeneza kasha moja na kutengeneza laki moja, kalibu ni ile ile. Tuseme tu, kwa mfano, imekula dola elfu 40. Ukiuza vidude 400, kila mnunuzi amebeba dola 100 za chuma ambacho hatakiona. Ukiuza elfu 40, kila mmoja amebeba dola moja. Skrini nayo mara nyingi ilitengenezwa kwa ajili ya simu fulani, mdogo anaomba masalia. Simu ikiacha kutengenezwa, skrini imekwisha, na mwenye oda ya mia nne hana sauti ya kumwambia mwenye kiwanda "endelea". Mama yangu alikuwa akishona kofia za mkono, miezi mitatu kofia moja, na kila Ramadhani hakukosekana mtu wa kumwambia kuwa za mashine Biashara Street ni rahisi. Alikuwa akimjibu: basi kanunue, duka lafungwa saa kumi na mbili.

Kwa hivyo dola 480 si uporaji. Dola 60 walizoongeza naziamini kuliko ningeziamini kama wangesema bei ni ile ile baada ya kubadilisha skrini na bodi.

Sasa tuje kwako, kwa kuwa kosa la barua hii haliko ng'ambo.

Hukuwa muuzaji. Hukuwa na mzigo, hukuwa na duka, bei ilikuwa ya mtu mwingine kwa sarafu ya mtu mwingine, na wewe ukasimama ukasema elfu sitini, kila kitu ndani. Kwa neno hilo ulijibebesha dola, ushuru na kuchelewa, vyote vitatu, kwa ujira wa siri wa shilingi elfu sita. Na hata hiyo elfu sita hukuwa nayo. Hebu chukua kalamu. Dola 420 na 45 za usafiri, kwa 116, ni shilingi 53,940. VAT asilimia 16 ya hapo ni 8,630. Jumla 62,570. Yaani siku ile ile ulipokuwa ukijipongeza, ulikuwa umeshauza kwa hasara ya 2,570 kwa kila kidude, kwa kuwa ulisahau serikali.

Leo je? Arbuni ilikugharimu 24,360. Iliyobaki ni dola 270 na 45, kwa 129 ni 40,635. Hizo ni 64,995. VAT itahesabiwa kwa thamani nzima ya sasa, dola 525, ambayo ni 67,725 kwa shilingi, kodi yake 10,836. Jumla 75,831. Juu yake kuna IDF (ada ya tamko la uagizaji) na RDL (tozo ya reli) na ujira wa ajenti wa forodha.

Nani abebe nini? Mimi nakata hivi. Wenzako walikubali kununua kitu kutoka nje, wanajua dola hupanda na kushuka, na bei ya kiwandani haikupandishwa na wewe. Hayo wabebe wao. Kodi uliyoisahau ni yako. Dola 60 za nyongeza ni shilingi 7,740. Tofauti ya dola kutoka 116 hadi 129 kwenye ile salio ya zamani ya dola 255 (210 na usafiri 45) ni 3,315. Kodi iliyoongezeka kwa ajili ya hayo ni 2,206. Ukijumlisha, 13,261. Kwa hivyo kila mmoja ni 73,261, na wewe unakula ile hasara yako ya 2,570 kwa kila kidude bila kunung'unika. Waandikie mpaka hiyo shilingi moja ya mwisho. IDF, RDL na ajenti, gawaneni kwa risiti.

Na hizo 5,640? Usizitafutie jina. Mbele yao ni sehemu ya elfu 30 walizotoa, kwa hivyo wamebakisha kulipa 43,261 tu, wewe ndiye wa kuzirudisha kwenye chungu kutoka kwenye meza yako. Kama ulitaka ujira wa kuhangaika, ungeutaja siku ya kwanza, na naamini wangekupa. Watu wa Mombasa hawakatai kumpa mtu chai. Wanakataa kugundua kuwa alishaikunywa.

Mtoto wa khalati mrudishie elfu 30, timilifu, kabla hajapanda ndege. Si 24,360. Yeye alikupa wewe 30,000, hakuipa karakana dola 210. Karakana wakikubali kurudisha zile dola zake, kwa bei ya leo utapata 27,090, utaongeza 2,910. Wasipokubali, nafasi yake kwenye foleni ni mali: mtu wa kundi la pili atakayetaka kuruka mbele atakupa pesa hizo siku hiyo hiyo, ilimradi karakana wakubali kuhamisha jina. Waulize hilo pia. Kudai kupitia kadi uliyolipia usijisumbue, muda wa malalamiko ya kadi huhesabiwa kwa siku, na wewe una miaka. Na kama huna elfu 30 zote sasa, mwambie utampa ngapi na tarehe ngapi, mama yake akiwapo. Khalati hasahau tarehe.

Dereva wa tuktuk na mwalimu wape hiari: kumalizia kwa 73,261, au kurudishiwa. Usiwabembeleze wabaki. Nina hakika mwalimu atabaki, na dereva atatukana kwanza.

Kabla ya kulipa, jambo moja la forodha ambalo laweza kuvunja hesabu yote hapo juu. Kompyuta iko kwenye kifungu cha 8471 cha orodha ya ushuru, mashine za gemu ziko kwenye 9504. Kompyuta haina ushuru wa kuingiza, inalipa VAT na zile tozo. Mashine ya gemu yaweza kutozwa, na kiwango cha kawaida cha Afrika Mashariki kwa bidhaa iliyokamilika ni asilimia 25. Kwa kidude chako hiyo ni shilingi 16,931 za ushuru, kisha VAT inapigwa juu ya ushuru pia, na mwisho wa siku ni karibu elfu 20 zaidi kwa kila kimoja. Neno moja kwenye ankara, elfu 20.

Sikuambii udanganye. Usimwambie mtu aandike "zawadi" wala apunguze bei, wakaguzi wana simu kama wewe na bei wanaiona. Lakini hicho kitu kwa haki kabisa ni kompyuta: kina kibodi kamili, kina mfumo kamili wa Linux, chaandika, chachapisha, chaendesha programu yoyote. Waombe karakana waandike hivyo kwenye ankara, pamoja na sifa zake, wasiandike "kidude cha gemu" kwa kuwa ndilo jina linalouza. Mpe ajenti karatasi ya sifa kabla mzigo haujaondoka, si baada ya kufika. Afisa akiamua ni gemu, ni gemu, utalipa au utakata rufaa. Waambie wenzako mapema kuwa hilo lipo, na kwamba likitokea mtagawana. Na muulize karakana wanasafirisha betri vipi, maana betri ya lithiamu ina masharti yake kwenye ndege na si kila msafirishaji anaipokea.

Chako wewe je, umalizie? Mimi ningemaliza. Umeshangoja, bodi zimeshaunganishwa, na wewe ni fundi, kitakufaa kuliko wote. Lakini si kabla ya friza. Pesa zilikuwa za friza, nunua friza. Hilo halina hesabu.

Mkae wote kwa siku moja, baada ya isha, hapo hapo barazani, si kwa simu. Chukua barua pepe zote umezitoa kwenye karatasi, zile za matundu ya skrubu na zile za skrini, na karatasi ya hesabu yako. Watakucheka. Watasema Meneja leo ameleta manifesti. Wacha wacheke, kahawa lipa wewe.

Na kikifika, usikifungue skrubu kuchungulia, nawajua nyinyi mafundi wa simu. Kwanza kifungue na kukifunga taratibu mara chache, sikiliza bawaba. Ukisikia kama karatasi inakwaruza, usikiguse tena, kilete Bondeni. Koleo ninalo, na kioo ninacho.

Ami